Kichwa Kizito cha Gia Hakiui Mtetemo, Kinauhamisha

Ingia duka la mapambo ya magari pale Mtwara mjini uulize kichwa cha gia kitakachopunguza mtetemo. Utaletewa kizito. Muuzaji atakuwekea kiganjani ili usikie uzito wenyewe, na utashawishika, maana chuma kilichong'arishwa kina namna yake ya kumfanya mtu aamini. Shida ni kwamba uzito peke yake si dawa. Uzito unauhamisha mtetemo kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine, na usipojua ulikuwa wapi na unaupeleka wapi, unaweza kulipa hela yako ili gari litetemeke pale ambapo zamani lilikuwa limetulia.

Nazungumza zaidi na wenye gia za mkono: Kirikuu (zile Suzuki Carry ndogo) zinazobeba viroba vya korosho, Hiace za abiria, Hilux, Land Cruiser zile ngumu, na gari ndogo chache ambazo bado zina klachi. Wenye otomatiki nina maneno machache nao mwishoni.

Mtetemo unavyofika mkononi

Injini haizunguki kwa ulaini kama feni. Inasukumwa kwa vipigo. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko wa krenki, ile shafti kuu ya injini. Ikiwa kwenye silensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, ya mizunguko 750 kwa dakika, hivyo ni vipigo 25 kila sekunde, na ukifika mizunguko 3,000 vinakuwa 100 kwa sekunde. Kirikuu ya cc 660 ina silinda tatu tu, kwa hiyo inawaka mara tatu kwa kila mizunguko miwili. Kwenye silensa ya mizunguko 900 unapata vipigo kama 22 na nusu kwa sekunde. Juu ya hapo, mpangilio wa pistoni tatu unaifanya injini ipige bembea, ncha moja ikipanda nyingine ikishuka. Kwa hiyo Kirikuu inayotikisika kidogo ikiwa imesimama siyo lazima iwe mgonjwa. Ndivyo ilivyozaliwa.

Injini na gia boksi vimefungwa pamoja na kukalishwa juu ya mauntingi za mpira. Mpira ukiwa mzima unameza sehemu kubwa ya vipigo kabla havijafika kwenye bodi. Lakini kwenye Hilux za zamani na Land Cruiser za kazi, leva ya gia imesimama moja kwa moja mgongoni mwa gia boksi, haipitii kwenye mauntingi hata moja. Gia boksi ikicheza, leva inacheza nayo, tena inakuza, kwa sababu egemeo lake liko chini kabisa na kiganja chako kiko juu. Sehemu inayosogea milimita moja karibu na egemeo inaweza kusogea milimita kadhaa pale juu unaposhika. Ndiyo maana leva ndefu za gari hizo hucheza hata kwa macho.

Kwenye gari ambazo leva imefungwa sakafuni au kwenye dashibodi, kisha ikaunganishwa na gia boksi kwa waya au fimbo, hali ni tofauti. Huko mtetemo unapita kwenye waya, kwenye bushi za miisho yake, na kwenye bodi yenyewe. Leva hizi kwa kawaida zimetulia zaidi. Zikianza kupiga kelele, bushi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Sasa tuje kwenye kiini. Bana rula ya plastiki ukingoni mwa meza, nusu yake iwe hewani, kisha uidonoe kwa kidole. Itapiga haraka haraka. Bandika bonge la udongo kwenye ncha, donoa tena, na utaona inapiga polepole. Leva ya gia ni rula hiyo: chini imeshikwa na mpira na bushi, katikati kuna nondo yenye unyumbufu wake, juu kuna uzito. Kila leva ina kasi yake yenyewe ya kutikisika. Vipigo vya injini vikifika kwenye kasi hiyo hiyo, leva inaitikia kupita kiasi, na mkono unawashwa. Ukipita mwendo huo, inanyamaza. Dereva akikwambia "gia yangu inalia nikifika sitini, nikivuka sabini inatulia," amekueleza jambo hili kwa usahihi kuliko vitabu vingi.

Kasi hiyo ya asili inategemea kipeuo cha pili cha ugumu wa leva kugawanywa kwa uzito wake. Ukiongeza uzito, kasi inashuka. Tuseme leva yako, ukihesabu sehemu inayocheza, ni sawa na gramu 120 zilizowekwa juu kabisa, na kichwa cha plastiki ulichonacho kina gramu 80. Jumla 200. Unakiondoa na kuweka cha chuma cha gramu 400. Jumla sasa 520. Chukua 200, gawanya kwa 520, tafuta kipeuo cha pili, unapata kama 0.62. Maana yake kelele iliyokuwa inatokea injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 sasa itatokea karibu na 1,550. Kama ilikuwa inalia ukiwa gia ya nne kwenye kilomita 60 kwa saa, sasa kwa gia ile ile italia karibu na kilomita 37.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka kuwa uamuzi. Dereva anayetoka Mtwara kwenda Lindi kwa lami, akiwa gia ya juu muda mwingi, atafurahi: mwendo wa kelele umeshuka chini, naye anapita juu yake siku nzima. Na ukiwa juu ya mwendo ule, uzito unakusaidia kweli, kwa sababu kitu kizito ni kigumu kutikiswa haraka haraka. Lakini mwenye Kirikuu anayezunguka mitaa ya Mtwara, Chuno, Magomeni na sokoni, gia ya pili, ya tatu, injini haifiki mbali, ameununua mtetemo akauleta nyumbani. Zamani ulikuwa kwenye mwendo asiokwenda. Sasa uko pale anapoishi.

Hali mbaya zaidi ni leva ambayo kelele yake ilikuwa juu kidogo tu ya silensa, tuseme mizunguko 1,400. Zidisha kwa 0.62, unapata 870 hivi. Umeiweka kelele pale pale kwenye silensa yenyewe, na kila ukisimama kuteremsha abiria, leva inatetemeka kama ina homa. Gari la namna hiyo linataka kichwa chepesi zaidi, au libaki na kile lilichotoka nacho kiwandani. Kinyume chake, leva inayotetemeka kwenye silensa tu, na ukikanyaga mafuta kidogo inatulia papo hapo, ni mgombea mzuri wa uzito: ukiishusha kasi yake ya asili chini ya silensa, injini haitaifikia ila ule muda mfupi wa kuwasha na kuzima.

Kabla hujanunua chochote

Kichwa cha gia ni cha mwisho kwenye mnyororo. Kubadili cha mwisho wakati cha kwanza kimekufa ni kuficha ugonjwa, na mafundi wengine hawakwambii hivyo kwa sababu kichwa kinafungwa kwa dakika mbili na mauntingi inataka jeki.

"Fundi, hii gia inaniwasha mkono tangu Mikindani."

"Mzee wangu, weka kichwa cha chuma tu, utasahau."

Mzee akubali, lakini kwanza aulize maswali yake. Mtetemo unafuata injini au unafuata magurudumu? Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma, fika kwenye mwendo unaolia, kanyaga klachi na uachie mafuta. Injini inashuka lakini gari bado linakwenda. Kelele ikishuka na injini, chanzo ni injini au mauntingi zake. Kelele ikibaki vile vile, hicho ni kilio cha propela shafti (fimbo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu), krosi (kiungio cha shafti hiyo) au tairi, na kichwa cha gia hakihusiki hata kidogo. Krosi iliyokufa si ya kuchezea. Ikikatika, shafti inaweza kupiga chini ya gari.

Gari likiwa limesimama, pandisha injini taratibu huku ukiitazama leva. Ukiona inaruka upande mmoja ghafla unapokanyaga mafuta, na kurudi unapoachia, mauntingi imechoka au imepasuka. Fungua boneti, mtu mwingine akanyage, uone injini inapinduka kiasi gani. Mpira huharibiwa na joto na mafuta yanayovuja, na mauntingi iliyolowa mafuta ya injini kwa muda mrefu hulegea mpaka unaweza kuidonoa kwa kucha. Kuna pia kosa la upande wa pili: mauntingi mpya za bei ya chini zenye mpira mgumu kama tairi. Injini haichezi tena, lakini kila kipigo kinapita moja kwa moja.

Silinda moja isipowaka vizuri, kwa sababu ya plagi, koili au nozeli, gari zima linatikisika kwa mdundo mzito usio sawa. Hilo linasikika hata kwenye kiti. Kwenye injini ya silinda tatu, moja ikilegea umepoteza theluthi, na hakuna kichwa cha gia cha kulificha hilo.

Halafu kuna bushi. Ishike leva kwa vidole viwili, gari likiwa kwenye nyutro na injini inanguruma, uibonyeze kidogo sana upande mmoja. Kelele ikikatika mara moja, kitu kimelegea chini: kikalio cha plastiki ambamo tufe la leva linakaa, bushi ya waya, pini, au kichwa chenyewe hakijakazwa. Huku kwetu kuna sababu ya ziada ya bushi kuisha. Gari inayoshinda kwenye vumbi la Tandahimba na Newala msimu wa korosho, au kwenye vipande vibovu vya Nangurukuru kwenda Liwale, inaingiza mchanga mwembamba kupitia ule mfuko wa mpira uliochanika chini ya leva. Mchanga ukikutana na grisi unakuwa dawa ya kusagia chuma. Utakuta kikalio cha plastiki kimeliwa upande mmoja, tufe linacheza ndani. Kukibadili, kusafisha, kutia grisi mpya na kufunga mfuko usiochanika kunanyamazisha leva nyingi kuliko vichwa vyote vya dukani ukiviweka pamoja. Nasema hivi bila kusitasita.

Jaribio la bei ya chai

Umepitia yote hayo, gari ni zima, na leva bado inalia kwenye mwendo fulani. Usinunue bado. Nenda kwa fundi tairi umwombe vyuma vya kubalansia, vile vya kubandika kwa gundi. Vinakuja kwenye ukanda wa vipande vidogo vilivyogongwa uzito wake, gramu 5 na gramu 10. Ukanda mzima wa kawaida una gramu 60. Vizungushie kichwa chako cha sasa, funga kwa tepu ya umeme, kaza, endesha. Ongeza ukanda mwingine, endesha tena njia ile ile, kwa gia ile ile.

Sikiliza mwendo ambao kelele inatokea. Utaona unashuka kadiri unavyoongeza, na ndipo utajua mwenyewe, bila kumuuliza muuzaji, kama gari lako linataka gramu 150 au 300, au halitaki uzito kabisa. Kama gari halina geji ya mizunguko ya injini, na Kirikuu nyingi hazina, tumia spidomita ukiwa kwenye gia moja isiyobadilika, inatosha kabisa. Kichwa kitaonekana kama kidole kilichofungwa bendeji, abiria watacheka. Waache wacheke.

Na ukiongeza mpaka gramu 200 hivi bila mwendo wa kelele kusogea hata kidogo, basi kilichokuwa kinalia siyo leva. Inawezekana ni plastiki ya katikati ya viti vya mbele inagonga, au sarafu iliyodumbukia chini ya mfuko wa leva.

Ugumu, mpira, na mti wa nyumbani

Sasa vifaa. Chukua tufe la kipenyo cha sentimita 5, ukubwa unaojaa kiganja vizuri. Ujazo wake ni kama sentimita 65 za ujazo. La chuma cha pua litakuwa na gramu 510 hivi kabla ya kutobolewa, la shaba nyeupe zaidi ya 550, la aluminiamu kama 175, la plastiki ngumu ya kukerezwa kama 90. Kwa hiyo aluminiamu, pamoja na kung'aa kwake kote, siyo kichwa kizito. Wengi wanaoilipia wakidhani wamenunua uzito wamenunua rangi. Tena aluminiamu inapitisha joto upesi: liache gari juani saa saba mchana pale Shangani, urudi ukamate gia ya kurudi nyuma, utanielewa.

Vile vya dukani vyenye mng'ao mwingi mara nyingi ni plastiki iliyopakwa kromu, ndani ni tupu. Vinashikwa kwenye leva na kipete cha plastiki na skrubu tatu ndogo za pembeni, ili vitoshe gari lolote. Kipete hicho ndicho chanzo kipya cha kelele. Skrubu zinalegea kwa mtetemo ule ule uliotaka kuuondoa, na kichwa kinaanza kugonga leva. Kama huwezi kupata kingine, tia gundi ya kushikilia nati kwenye skrubu zile, ile ya rangi ya buluu inayofunguka kwa spana.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusi ni mpira. Baadhi ya vichwa vya kiwandani vina tabaka la mpira kati ya uzi wa ndani na ganda la nje, na baadhi ya leva zimekatwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa bushi ya mpira katikati. Mpira huo uliwekwa makusudi kuzuia mtetemo wa kasi ya juu, ule unaoleta ganzi kwenye vidole. Ukiondoa kichwa cha namna hiyo ukaweka chuma kitupu, umeongeza uzito lakini umetoa kizuizi, na unaweza kujikuta mtetemo mpana umepungua huku ule mwembamba unaowasha umeongezeka. Kwa hiyo kikague kile unachokitoa. Kikiwa na mpira ndani uliokauka na kupasuka, huenda dawa ni kingine cha aina ile ile kutoka kwenye gari lililokatwa, siyo kipya cha mapambo. Spea za Gerezani pale Dar zinavyo, na dereva wa basi atakuletea.

Mti je? Sisi wa kusini tuna mpingo, na wachongaji wa Kimakonde wakiombwa kichwa cha gia watakitoa chenye sura utakayo. Mpingo ni mzito kwa miti, ukiutupa majini unazama, na ndio unaotengenezewa klarineti huko ng'ambo. Lakini tufe lile lile la sentimita 5 kwa mpingo ni kama gramu 80 tu, chini hata ya plastiki ngumu. Aliyetaka uzito atavunjika moyo. Anayetaka kitu kisichochoma juani, kisichoteleza kwa jasho na kisicholiwa na chumvi ya baharini hatapata kizuri kuliko hicho. Na kwa gari lililojaribiwa likaonekana linataka kichwa chepesi, mpingo uko mahali pake.

Njia ya kati ipo, nami ndiyo ninayoipenda. Mkerezaji wa vyuma akate kipande cha nondo ya chuma ya kipenyo cha milimita 25, urefu wa milimita 35, akitoboe na kukitia uzi wa leva yako. Mchongaji naye atoboe mpingo kwa kipimo hicho, chuma kigandishwe ndani kwa gundi ya epoksi. Unapata gramu 160 hivi, karibu sawa na tufe la aluminiamu, lakini kiganja kinagusa mti. Uzi pia unakuwa wa chuma, jambo la lazima, maana uzi uliokatwa kwenye mti wenyewe unasagika baada ya kubadili gia kwa muda. Sharti mpingo uwe umekauka kweli. Unakauka taratibu mno, na mbichi utapasuka ukiwa tayari ndani ya gari. Nunua mabaki kwa mchongaji ambaye magogo yake yana kibali, usimtume mtu akakukatie porini.

Uzi wa leva: hapa ndipo hela zinapopotea

Kichwa kizuri chenye uzi usio wake ni kitu cha kukandamizia karatasi mezani. Toyota nyingi zina leva ya M12 (unene wa uzi milimita 12) yenye pichi, yaani umbali kati ya hatua na hatua, ya milimita 1.25, na Subaru vile vile. Nissan, Mazda na Mitsubishi nyingi zinatumia M10 × 1.25, Honda M10 × 1.5. Gari za kazi za zamani zina mambo yao, na leva ya pili ya kuingiza gia za magurudumu manne mara nyingi haifanani na ile kubwa. Kwa hiyo orodha hii ikusaidie kukisia, kisha pima.

Kupima hakutaki chombo cha ajabu. Fungua kichwa cha zamani kwa kukizungusha kinyume cha saa. Kikigoma, kifunike kwa taulo lililolowa maji ya moto usubiri, usikimbilie kupiga nyundo. Pima unene wa uzi kwa kalipa. Kisha weka rula juu ya uzi uhesabu hatua kumi: zikichukua milimita 12 na nusu, pichi ni 1.25, zikichukua 15, ni 1.5.

Kuna ujanja wa gereji unaopendeza. Nati za tairi za Suzuki, Kirikuu ikiwemo, ni M12 × 1.25. Nati za tairi za Toyota ndogo ni M12 × 1.5. Kwa hiyo nati ya tairi ya Kirikuu inaingia kwenye leva ya gia ya Toyota kwa vidole, laini, mpaka mwisho, wakati nati ya tairi ya Toyota yenyewe inashika mizunguko miwili na kukwama. Ikikwama usiilazimishe. Uzi wa leva ukiliwa, kazi imekuwa nyingine.

Kikiingia vizuri, kikaze kwa mkono, kisha angalia mchoro wa gia umekaa wima. Usipokaa wima, usikiache kimelegea ili mchoro upendeze. Tumia nati nyembamba ya kufungia chini yake: ipandishe juu mpaka igandamize kichwa pale unapotaka. Mizunguko michache ya tepu nyeupe ya mabomba kwenye uzi inaziba ule mchezo mdogo wa chuma kwa chuma ambao nao huleta kelele yake. Na kama gari lina deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku, hakikisha mchoro upo na unasomeka, na kama gia ya kurudi nyuma ni ya kuinua pete au kubonyeza chini, kichwa kipya kisiizuie.

Urefu usiusahau. Kichwa kirefu, au kile kipande cha kuongeza leva kinachouzwa kando, kinafanya gia iingie bila kutumia nguvu nyingi, lakini pale juu mtetemo unakuwa mpana zaidi kwa sababu uko mbali na egemeo. Kifupi kinapunguza mtetemo na kinataka mkono wenye nguvu. Kwa leva ndefu ya Land Cruiser, kushusha kichwa sentimita mbili kunasikika.

Kingine cha kuogopa kwenye uzito mkubwa ni barabara mbovu. Gia boksi iliyochoka, ambayo vile visukumio vyake vya ndani vya kushikilia gia vimelegea, inaweza kuachia gia gari likiruka kwenye shimo, na gramu 500 zinazoning'inia juu ya leva zinasaidia kuing'oa. Gari linaloruka gia lisiongezewe uzito, litengenezwe.

Wenye IST, Noah na nyinginezo za otomatiki: kichwa chenu kina kitufe, ndani kuna pini na wakati mwingine waya wa swichi ya ovadraivu, na hakifunguliwi kwa kuzungushwa tu. Leva yenyewe haibebi gia, inavuta waya. Ikitetemeka ukiwa umekanyaga breki kwenye D, weka N. Ikitulia hapo hapo, mwambie fundi aanze na mauntingi, kisha aangalie kama silensa iko chini kuliko inavyotakiwa.